Somo: kustaafu Ngazija (kisiwa kikubwa cha Komoro) ukitokea Lamu (someni kabla ya kuuliza)

Naulizwa yaleyale kila wiki, basi nayaandika mara moja.

1. Pasi, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa: fanya tafsiri ya Kifaransa iliyoidhinishwa.

2. Pensheni: jua kabla ya safari ni nani atakutilia saini kila ukidaiwa uthibitisho kuwa u hai.

3. Beba yuro. Faranga ya Komoro imefungwa nayo, 491.97 kwa yuro 1.

4. Nyumba: panga mwaka mzima kwanza, usinunue. Kuna ardhi ya manyahuli, mali ya ukoo wa kikeni isiyogawanywa wala kuuzwa. Mwanamume akikuuzia, waulize dada zake.

5. Maji. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole. Lamu tuna visima vya mchanga wa Shela. Ngazija haina mto wa kudumu; mwamba wa volkeno hunywa mvua yote, kwa hiyo watu huishi kwa jabia (birika la kukinga maji ya mvua) kama ndugu zetu wa Faza. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 100 hutoa lita 8,000. Toa humusi (moja kwa tano) kwa upotevu. Watu wawili, lita 50 kila mmoja kwa siku, miezi minne ya ukavu: lita 12,000. Jenga jabia la 15,000, lifunikwe.

ONYO: Karthala, mlima wa volkeno wa Ngazija (mita 2,361), ungali hai. Mwaka 2005 majivu yake yaliharibu majabia ya maelfu ya watu. Majivu yakianza kushuka, chomoa bomba la mlizamu (litiayo maji ya paa jabiani) KABLA ya mvua. Vaa barakoa, fagia paa yakiwa makavu, yatie guniani. Yakilowa huwa mazito, paa huanguka. Usirudishe bomba mpaka mvua ioshe paa.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Kuchimba kisima ni bei gani?
— Soma hatua ya 5.

Kijana wa Langoni: Nimesoma juujuu tu, shekhe.
— Basi soma tena.

Bi Mkomani: Ami, majivu yakishaingia jabiani, nikichemsha maji yatafaa?
— Swali zuri, bibi. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi asidi wala floridi. Usiyakoroge, yaache yatuame, teka ya juu kwa kudekia. Kisha toa yote, sugua sakafu, suuza, ndipo ukinge upya. Maji mapya yakiwa masafi, tia mililita 100 za klorini ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000, ungoje nusu saa.

Mstaafu wa Shela: Na lava?
— Mwaka 1977 ilitokea ubavuni, kusini-magharibi, ikakiangamiza kijiji cha Singani. Hivyo kuwa mbali na kilele hakutoshi; waulize wazee wa kijiji lava za zamani zilipita wapi.

Bi Mkomani: Nasikia plagi zetu haziingii kule?
— Haziingii. Zao ni za Kifaransa, vijiti viwili vya mviringo. Na ukiambiwa “marahaba”, hujaitikiwa shikamoo: unashukuriwa.