Somo: Kulinganisha majarida ya kitaaluma ya fani tofauti (someni kabla ya kunipigia simu)

1. Nakili ISSN ya jarida, yaani namba yake ya utambulisho. Majina hufanana.

2. Fungua tovuti ya SCImago inayopanga majarida kwa ubora, ni bure. Ya Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, nayo huonyesha CiteScore, SJR (kipimo cha SCImago) na SNIP, vipimo vya jinsi jarida linavyonukuliwa, bila kulipia.

3. Hapa ndipo nilipoungua. Nikiwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo, niliweka impakti fakta ya jarida la hisabati kando ya la tiba, nikamnyima mwanahisabati alama. Impakti fakta huchukua makala za miaka miwili iliyopita, ikahesabu zimenukuliwa mara ngapi mwaka huu, ikagawanya kwa idadi ya makala hizo. Daktari hunukuu makala za juzi, tena kwa orodha ndefu. Mwanahisabati hunukuu chache, nyingine zilichapishwa kabla hajazaliwa. Ndiyo maana Annals of Mathematics, wanaloliota wote, halifiki 10, na CA la saratani limewahi kupita 200. ONYO: usiseme kamwe "hili ni mara tano ya lile" kama fani ni mbili.

4. Tumia SNIP, iliyotoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 2010. Yenyewe huzingatia desturi ya kunukuu ya kila fani. Au tazama robo: Q1 ni robo ya juu ndani ya fani yake. ONYO: jarida moja laweza kuwa Q1 huku na Q3 kule. Taja fani na mwaka.

MASWALI

Kijana wa Gulu: Kaka, impakti fakta ya 4 ni nzuri?
— Hatua ya 3.
Kijana wa Gulu: Nimesoma, nauliza tu.
— Umesoma, na fani bado hujaitaja.

Binti Mbale: Mwalimu, mbona majarida ya mapitio yanaongoza kila mahali?
— Umeona vizuri, dada. Makala ya mapitio, yaani inayojumlisha tafiti za wengine, hunukuliwa na kila anayeingia kwenye mada, na hata SNIP haiondoi upendeleo huo. Linganisha mapitio kwa mapitio. Tena, makala chache hubeba jarida zima, kwa hiyo wastani hausemi lolote kuhusu makala yako.

Mzee wa Jinja: Nimepakua jedwali la SCImago, SJR zangu zimekuwa mamia!
— Pole mzee. Faili lile hutenganisha safu kwa nukta-mkato, na desimali zake ni mkato: 0,512 ikasomwa 512. Badilisha mkato uwe nukta kwenye safu ya SJR.
Mzee wa Jinja: Kumbe! Nami nilishawatangazia ofisini.