Diski ya kompyuta ya zamani ikianza kuzingua, toa mafaili kwanza ndo uhangaike na matengenezo

Kama kompyuta yako ya siku nyingi imeanza kuchelewa kuwaka, ukifungua folda inastaki dakika nzima huku kitaa cha diski kimeganda, au kuna mafaili yanagoma kukopi, achana kwanza na wazo la kupiga Windows upya. Watu wanapoteza picha na nyaraka zao hapo hapo, maana unailazimisha diski mgonjwa iandike magiga kibao juu ya vitu vyako wakati hata kusoma inasoma kwa tabu.

Anza kwa kusikiliza, sogeza sikio kabisa. Ukisikia tak, tak, tak ya kujirudia alafu diski inanyamaza, vichwa vya kusomea vina shida, zima mashine saa hiyo hiyo na usijaribu "mara moja ya mwisho", kwasababu kila ikizunguka vichwa vinaweza kuikwangua sahani (pale data inapokaa) na pakishakwanguka hakuna programu ya kurudisha. Kama data ni ya maana sana hiyo ni kazi ya maabara ya kuokoa data. Usiifungue nyumbani, kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Na ile habari ya kuiweka kwenye friza iache, ikitoka humo inashika unyevu na unyevu ndo unaimaliza.

Kama hailii vibaya, usikimbilie kuilaumu diski. Zima, chomoa umeme, chomoa kebo ya SATA (ile inayounganisha diski na mazabodi) pande zote mbili uirudishe vizuri, ukiwa na nyingine badilisha kabisa, kebo za zamani zinalegea na dalili zake zinafanana mno na za diski mbovu. Angalia na saa ya kompyuta: kama kila ukiwasha inarudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imeisha, na BIOS (programu ya mazabodi inayoanzisha kompyuta) ikisahau mipangilio inaweza kuhama kutoka AHCI kwenda IDE au kinyume chake (njia mbili za kuongea na diski), Windows inagoma kuwaka kumbe diski ni nzima kabisa.

Sasa pima afya ya diski. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo, kwenye Linux andika sudo smartctl -a /dev/sda (sda ni jina la diski, weka la kwako). Usilewe na neno PASSED (imefaulu), diski nyingi zinakufa nalo, we angalia namba zenyewe (05, C5, C6 na C7 kwenye smartctl zinaandikwa 5, 197, 198 na 199). Namba 05 ni sekta zilizoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba, C5 ni zile zinazosubiri kwasababu hazisomeki, C6 ni zilizoshindikana. C7 ikiwa inapanda huku hizo tatu ziko sifuri, rudi kwenye kebo. Kitu kimoja kinachochanganya wengi, CrystalDiskInfo inaonyesha namba kwa heksadesimali (kuhesabu kwa kumi na sita) usipoibadilisha, kwaiyo ukiona 10 mwishoni ujue ni sekta 16. C5 ikishatoka sifuri, mi nahesabu hiyo diski sio ya kuaminika tena.

Hapo ndo unaokoa mafaili, na chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) bado usiiguse, ile inasoma diski nzima na kurekebisha humo humo, diski dhaifu inaweza kufia katikati. Washa kompyuta kwa fleshi yenye Linux, kopi kwanza vile visivyopatikana kwingine, picha, nyaraka za kazi, muvi baadae. Ikiwa inastaki kila mara, tumia ddrescue (programu ya Linux inayonakili diski nzima juu ya nyingine) ukiwa na diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log
ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.log

Ya kwanza inachukua vinavyosomeka kirahisi, ya pili inarudia sehemu ngumu mara tatu. Kabla ya kubonyeza Enter andika lsblk (inaorodhesha diski zote) uhakikishe ipi ni mbovu na ipi ni mpya, ukizigeuza utafuta data kwa mkono wako mwenyewe. Faili la ramani liwe mahali pa tatu, kwa mfano fleshi nyingine, ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, iache.

Ukishakuwa na kopi na umeifungua ukaona mafaili yanafunguka kweli, hapo cheza na diski unavyotaka. Ifomati fomati kamili, sio ile ya haraka, ikiandika kila sekta diski yenyewe inaamua ipi inatumika bado na ipi inahamishwa. Pima tena: C5 ikirudi sifuri na 05 ikatulia baada ya kuitumia wiki kadhaa, itunzie vitu ambavyo una kopi yake kwingine. 05 ikiendelea kupanda, hiyo imekwisha.

Kwa kompyuta yenyewe ushauri wangu ni weka SSD (diski ya chipu isiyo na sahani) ya SATA ya inchi 2.5, inaingia hata kwenye SATA za zamani, itaenda tu kwa spidi ya hiyo mazabodi na bado utaona tofauti kubwa kuliko ukiongeza kitu kingine chochote. Kama BIOS ni ya zamani isiyo na UEFI (mfumo mpya ulioirithi BIOS), chukua isiyozidi TB 2, juu ya hapo Windows haitaweza kuitumia yote kwenye diski ya kuwashia.