Uingereza na Ufaransa kwa safari moja: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tiketi

Kabla hujalipia ndege, amua kwanza utaingilia wapi na utatokea wapi, maana viza inategemea hapo. Ufaransa imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uingereza haimo. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya hizo ni viza mbili na ada mbili, wakati pasipoti ni moja na mara nyingi hubaki kwa wanaoshughulikia viza hadi ombi lijibiwe. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, la Uingereza miezi 3 tu, kwa hiyo mimi ningeanza na Ufaransa. Watataka pia bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000.

Njia isiyo na usumbufu ni kuingilia London, kutokea Paris, kisha nyumbani. Hapo viza ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha. Wanaokwama ni wale wanaotua Paris, wakavuka kwenda kutembea London, halafu wakataka kurudi Paris kuifuata ndege yao. Ile mara moja wameshaitumia.

Kuvuka kwenyewe ni kwa treni ya Eurostar, kutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi Gare du Nord, Paris, kama saa mbili na robo hivi. Isikudanganye kwamba ni treni tu ukafika dakika za mwisho: polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti palepale St Pancras kabla hujapanda, na mizigo inapita kwenye mashine. Karatasi za hoteli, bima na tiketi ya kurudi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya nguo kwenye begi kubwa.

Pesa: mabasi ya London hayapokei taslimu, unagusisha kadi. Na kama kuna shangazi aliyekuachia pauni za zamani, zikague kabla hujazitegemea. Noti za karatasi za 20 na 50 hazilipii kitu dukani tangu mwisho wa Septemba 2022. Za sasa ni za plastiki.

Plagi zetu za miguu mitatu zinaingia Uingereza bila shida, Ufaransa haziingii, beba adapta. Koti, hata Mei.

Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, kasri la Versailles Jumatatu; ukiwa na siku mbili tu Paris, usiziangushie hapo. British Museum haina kiingilio, ila maonyesho maalumu hulipiwa.

Saa nazo zinatofautiana: Paris iko mbele ya London kwa saa moja. Treni ikiondoka saa nne kamili asubuhi, utashuka kwenye saa saba na robo mchana kwa saa za huko, kwa hiyo tiketi ya Louvre ya siku hiyo chukua ya kuanzia saa tisa.