Kabla Hujang'oa Nanga, Isikilize Pampu ya Maji

Mkienda Pemba kwa boti, najua mtakagua mashine, dizeli, nanga na majaketi ya kuokolea. Maji matamu yataulizwa swali moja tu: tangi limejaa? Likijibiwa ndiyo, kamba zinafunguliwa. Nimefanya kazi kwenye boti za kutembeza wageni baina ya Unguja na Pemba miaka mingi, na mimi pia nilikuwa nikiuliza hivyo hivyo. Siulizi hivyo tena. Tangi linaweza kuwa limejaa saa nne usiku na kufika saa tano likawa tupu, wala hakuna mtu aliyekunywa hata kikombe. Basi tulia, tuyafuate maji tangu yanapoingia chomboni mpaka yanapotoka mferejini.

Anza na maji yenyewe. Yaonje kabla hujayatia. Maji ya Unguja tunayavuta chini ya ardhi, kwenye mawe ya chokaa, na kisima cha karibu na pwani kikivutwa sana huingia chumvi. Mpira wa gatini usiuamini, hujui nani kaoshea samaki wala umelala kwenye matope siku ngapi. Beba wako, acha maji yapite kwanza, ndipo uuingize tangini. Usitumie mpira unaopitisha mwanga, kwa sababu humea ukijani ndani. Kifuniko cha tangi sitahani kiwe na pete yake ya mpira iliyo nzima. Ikishakakamaa, kila wimbi linalopanda juu linakuonjesha bahari kwenye chai. Na kifuniko cha maji na cha dizeli vipakwe rangi mbili tofauti, viandikwe kwa herufi kubwa. Nimeona kwa macho yangu kijana akimimina dizeli kwenye tangi la maji. Lilioshwa kwa sabuni mara sijui ngapi, na mwisho likang'olewa tu.

Tangi lina bomba dogo la kupumulia. Nyigu akijenga humo, au chumvi ikiganda, maji yatatoka kwa taabu na tangi la plastiki litaanza kubonyea. Lipulize kwa mdomo. Likipitisha hewa, endelea.

Chujio lililo kati ya tangi na pampu lisafishe kila safari. Ni dakika tano.

Sasa pampu. Boti nyingi za huku zina zile ndogo za volti 12, zinazojiwasha na kujizima zenyewe. Ukifungua mfereji, presha inashuka, pampu inawaka. Ukifunga, presha inapanda mpaka paundi 40 au 50 hivi kwa inchi ya mraba, na swichi yake ya ndani inakata umeme. Ukilielewa hilo, pampu itakuwa inakwambia yenyewe inaumwa nini, mradi uisikilize. Fanyeni hivi mkiwa bado mmefunga gatini: zimeni mashine, zimeni redio, kila mtu anyamaze. Washa swichi ya pampu, fungua mfereji mmoja, ufunge, kisha kaa robo saa bila kugusa kitu.

Ikiwa kimya kabisa, weka spana chini, chukua mita ya kupimia umeme. Angalia fyuzi, halafu swichi, halafu maungio ya waya. Hewa ya bahari hula shaba, utakuta kutu ya kijani ndani ya kiungo ambacho kwa nje kinaonekana kizima.

Ikinguruma bila kuleta maji, au mfereji ukikohoa hewa na maji kwa pamoja, na tangi una hakika lina maji, tafuta upande wa tangini, nyuma ya pampu. Hapa ndipo mafundi wengi wa nchi kavu wanapopotea. Upande huo ni wa kuvuta, na tundu la upande wa kuvuta halitoi maji, linaingiza hewa. Fundi atapapasa kila kiungo, mkono utatoka mkavu, aseme hakuna kinachovuja, akuuzie pampu mpya. Na pampu mpya nayo itakohoa vile vile. Kagua kwanza kifuniko cha chujio, maana ndicho kinachofunguliwa kila mara na pete yake hupenda kukaa upande. Ukishindwa kupata, chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, tia mwingine mfupi, na mdomo wake uutumbukize kwenye ndoo ya maji. Ikivuta vizuri, pampu ni nzima na ubovu uko kati yake na tangi. Isipovuta, hapo ndipo uifungue. Ndoo moja itakuokolea bei ya pampu.

Ikiwaka sekunde mbili ikazima, kisha baada ya dakika chache ikawaka tena, na mifereji yote imefungwa, kuna mahali presha inapotea. Huu ni upande wa kusukuma, na huku maji huvuja nje, kwa hiyo tandika gazeti kavu chini ya kila kiungo na urudi baada ya saa moja. Usiisahau ile shawa ya shetri, nyuma ya boti, ya kuoshea miguu wageni wakitoka kuogelea, mara nyingi ndiyo yenyewe. Kukiwa kukavu kote, funga koki iliyo mbele ya pampu. Ikiendelea kuwaka na kuzima, basi valvu za ndani ya pampu zimechoka, zinayarudisha maji tangini.

Na ukifungua mfereji kidogo tu ikawa inawaka na kuzima haraka haraka kama inayotetemeka kwa homa, kitungi cha presha, kile chenye hewa ndani kinachotuliza msukumo wa maji, kimeishiwa hewa. Zima, fungua mfereji presha yote itoke, kisha kijaze kwa pampu ya baiskeli, hewa iwe chini kidogo ya ile presha inayowashia pampu.

Imebaki sauti moja, ile isiyokatika.

Ilikuwa Julai, wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Tulilala Misali, magharibi ya Pemba, upande uliokingwa na upepo. Wageni sita, sisi wanne. Mchana ule tulikuwa tumejaza tangi, lita 500 kamili, nimesimama mwenyewe. Vyumba vilikuwa na wageni, kwa hiyo nikatandika juu sitahani. Baada ya saa nne usiku nikasikia mngurumo mdogo kutoka omo, mbele ya boti, pale ilipo pampu. Nikajisemea, kuna mtu anaoga. Kitambo kidogo maji yakaanza kumwagika ubavuni: pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, imewaka. Ikanyamaza. Ikawaka tena, ikanyamaza, ikawaka tena. Nikajisemea, hiyo ni shafti ya mashine, inavujisha kama kawaida yake. Nikajifunika kikoi, nikageukia upande wa pili. Mngurumo wa omo haukukatika, nami nikapitiwa na usingizi.

Tuling'oa nanga baada ya sala ya alfajiri, tukashika njia ya Nungwi, upepo na mawimbi usoni. Chai ya asubuhi ilikuwa tayari kwenye chupa tangu usiku, na wageni wengi walikuwa wamelala kwa kichefuchefu, hakuna aliyegusa mfereji. Saa nne mpishi akafungua kutia maji ya kupikia. Mfereji ukatema hewa mara mbili, halafu tone moja likaning'inia mdomoni mwake, halianguki wala halirudi. Nikakimbilia omo. Pampu ilikuwa ya moto hata mkono haukai. Nyuma ya heta ya kupashia maji mpira umechomoka kwenye kiungo chake. Ulikuwa umekazwa kwa klipu moja tu. Mkanda wa klipu ulikuwa chuma kisichopata kutu, ndiyo maana kwa macho nilikuwa nikiiona nzima, lakini skrubu yake ilikuwa chuma cha kawaida. Nilipoigusa ilibaki unga mwekundu kwenye kidole.

Pampu ile ilisukuma lita 11 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe, lita 500 hazifiki saa nzima. Presha haikupanda, kwa hiyo swichi haikukata. Maji yote yalikwenda ngama, na pampu ya ngama ikayachota ikayatupa baharini, huku mimi nasikia. Kisha pampu ikaendelea kuzunguka kavu usiku kucha, ikanywa na betri za taa.

Tulikuwa na chupa ndogo saba. Nyuma kurudi Pemba na mbele kufika Nungwi, masafa yalikuwa karibu sawasawa, tukaamua kwenda mbele. Wageni wawili walikuwa wanatapika tangu kutoka Misali, na baharia wetu mdogo naye. Mtu anayetapika hutaka maji kidogo kidogo kila wakati, na tulikuwa tunampimia kwa kifuniko cha chupa. Adhuhuri yule mama wa kigeni midomo ilikuwa imepasuka, na ukiibana ngozi ya mkono wake inabaki imesimama. Mumewe ananitazama, mimi sina la kumwambia. Tulikutana na mashua ya wavuvi. Walikuwa na madumu mawili ya lita 20, wakatupatia moja. Nahodha wao hakutaka pesa, alitaka ahadi kwamba dumu litarudi, maana dumu ni mali. Tulilirudisha kesho yake, limejaa. Yule mama alifika salama, alhamdulillahi, lakini mimi sikulala vizuri muda mrefu.

Kwa hiyo sasa kwenye chombo ninachofanyia kazi, swichi ya pampu ya maji inazimwa usiku, na inazimwa kila tunaposhuka. Anayetaka maji awashe, akimaliza azime. Wageni hulalamika siku ya kwanza, siku ya pili wamezoea. Kila kiungo cha mpira kina klipu mbili, na skrubu naijaribu kwa sumaku kabla ya kununua: sumaku ikinata, nairudisha dukani. Matangi yakiwa mawili, koki ya moja hufungwa kabisa mpaka la kwanza liishe. Tangi likiwa moja, madumu matatu yaliyojaa hufungwa kwa kamba chini ya benchi, mbali na jua, wala hayaguswi kwa kuoshea vyombo. Nahesabu lita 4 za kunywa na kupikia kwa mtu kwa siku, na naongeza siku moja juu ya safari.

La muhimu kuliko yote hayo: ngama ikiingia maji, yajue ni maji gani. Chovya kidole, onja, tema. Yakiwa ya chumvi, bahari inaingia, na unajua la kufanya. Yakiwa matamu, ni maji yako ya kunywa yanayopotea, kimbilia swichi. Ngama ikiwa na mafuta usionje. Chota maji kwenye kopo, uyaengue mafuta ya juu uyamwage, kisha usugue kipande cha sabuni ya mche. Maji matamu hutoa povu, maji ya bahari hukataa. Usiku ule kidole kimoja tu kingetosha, ningekuwa nimepoteza lita mia moja badala ya zote.

Yaliyobaki ni mepesi. Heta isiwashwe umeme kabla hujaona maji yanatoka upande wa moto, la sivyo koili itaungua. Maji yetu yana chokaa, kwa hiyo vichwa vya shawa huziba, vilowekwe kwenye siki. Tangi likinuka yai bovu, tia dawa ya klorini isiyo na manukato. Ikiwa ni ya asilimia 5, nusu lita inatosha tangi la lita 500. Ichanganye kwenye ndoo kwanza, mimina, jaza tangi, fungua kila mfereji mpaka uisikie harufu yake, acha kwa muda wa saa nne, halafu mwaga yote na usuuze mpaka harufu iondoke. Siku hiyo mtu asinywe. Tangi la alumini usililaze na klorini usiku kucha, huliwa. Na siki isikutane na klorini hata tone, hutoa hewa ya sumu, na ndani ya boti hakuna pa kukimbilia.

Beba mita mbili za mpira wa akiba, klipu kumi, fyuzi, pete za chujio, na pampu ya mguu kwa ajili ya jikoni, ambayo haihitaji betri. Mwonyeshe kila baharia swichi ilipo na koki zilipo, hata mpishi, hata kijana wa siku moja. Mvua ya masika usiitegemee kujazia tangi, sitaha ina chumvi na mavi ya ndege. Madumu yaliyowahi kubeba mafuta ya taa yasiingie chomboni kabisa, hata yakioshwa. Na ukikutana na wavuvi njiani, waulize kama wana maji.