Kabla ya Kuitumia DAMGO Maabarani: Namna ya Kuzisoma Takwimu Zake

Ukiambiwa kwamba DAMGO, kemikali ya maabara inayoamsha vipokezi vya opioidi (protini za seli ambazo dawa kama mofini hujishikiza), huchagua kipokezi cha aina ya mu kuliko aina za delta na kapa, uliza kwanza: kwa ukolezi gani? Bila jibu la swali hilo, sifa ya uteuzi haina maana kwenye meza ya maabara.

Anza na muundo wake. DAMGO ni peptidi fupi iliyoundwa kwa kufuata enkefalini, kemikali ya mwilini inayofanya kazi kama mofini, ambayo John Hughes na Hans Kosterlitz waliitambua mjini Aberdeen mwaka 1975. Enkefalini ya mwilini huvunjwa upesi na vimeng'enya, ilhali D-alanini iliyowekwa katika nafasi ya pili huilinda DAMGO. Hata hivyo, kwa kuwa ni peptidi, hupenya kwa shida kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, na ndiyo maana hutumika zaidi kwenye seli, utando wa seli na vipande vya tishu.

Kisha tafuta Ki, yaani kipimo cha mshikamano; kadiri kinavyokuwa kidogo, ndivyo mshikamano unavyokuwa mkubwa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, Ki ni nanomola 2 kwa mu na 500 kwa delta. Gawanya ukolezi wako kwa jumla ya ukolezi huo na Ki, nawe utapata sehemu ya vipokezi vilivyoshikwa: kwa nanomola 10, mu hushikwa takribani asilimia 83 na delta asilimia 2; kwa nanomola 1,000, mu imekwisha kujaa, na delta imefika asilimia 67. Kemikali ni ile ile, lakini uteuzi umepotea. Angalia pia bafa (mmumunyo wa kipimo) iliyotumika, kwa sababu sodiamu na GTP, molekuli ya seli inayohusika katika kuwasilisha ishara ya kipokezi, hupunguza mshikamano wa agonisti, yaani kemikali inayoamsha kipokezi kama DAMGO, hivyo Ki iliyopimwa bila sodiamu huonekana nzuri kuliko hali halisi ya seli.

Mshikamano si ufanisi, yaani nguvu ya kukiamsha kipokezi. Katika kipimo cha GTP-gama-S, kinachoonyesha kipokezi kimeamshwa kiasi gani, DAMGO huwekwa mara nyingi kuwa kiwango cha asilimia 100, na mofini huishia chini yake. Lakini kwenye seli zilizojazwa vipokezi kupita kiasi tofauti hiyo huweza kufutika, kwa hiyo usilinganishe takwimu za maabara mbili kabla ya kujua zilitumia seli gani.

Mwisho, thibitisha kwa antagonisti, yaani kemikali inayozuia kipokezi. Wengi hutosheka na naloksoni, nami naona ni ushahidi dhaifu, kwani ukolezi wake ukipanda huzuia mu, delta na kapa kwa pamoja. Tumia CTAP kwa mu na naltrindoli kwa delta, kila moja kwa ukolezi usiovuka mipaka ya uteuzi wake. Athari ikizimwa na CTAP huku naltrindoli haiigusi, una haki ya kuandika kwamba umepima mu.