Jinsi ya Kukagua Upendeleo wa Uteuzi Katika Utafiti wa Afya

Nikipokea ripoti ya utafiti, matokeo nayaweka kando kwanza. Naanza na sehemu ya washiriki, maana wasiokuwemo wanaweza kugeuza jibu zima. Huo ndio upendeleo wa uteuzi: namna washiriki walivyopatikana au walivyobaki inapotosha jibu.

Hatua ya 1: Hesabu walioalikwa na waliokubali. UK Biobank, mradi mkubwa wa utafiti wa afya wa Uingereza, ilialika watu wapatao milioni 9.2 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Waliojiunga ni kama 500,000, yaani asilimia 5.5. Wakilinganishwa na wananchi kwa jumla, wavutaji sigara walikuwa wachache zaidi na vifo pia vilikuwa pungufu. Usidanganyike na ukubwa wa sampuli: kama wanaokuja ni wenye afya nzuri, kuwaongeza wengine kama wao hakukusogezi karibu na ukweli.

Hatua ya 2: Uliza washiriki waliingilia mlango gani, yaani walipatikana wapi. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo shika kalamu. Joseph Berkson, mtakwimu wa Marekani, alieleza mtego huu mwaka 1946 kwa kutumia wagonjwa wa hospitali.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya watu 1,000, 100 wana kisukari na 100 wana mawe kwenye mfuko wa nyongo. 10 wana yote mawili. Wenye kisukari, asilimia 10 wana mawe. Wasio na kisukari, 90 kati ya 900, ni asilimia 10 vilevile. Magonjwa haya hayahusiani hata kidogo.

Sasa hospitali inalaza kila mwenye ugonjwa mmojawapo, na wengine hailazi. Wodini kuna watu 190. Wenye kisukari bado asilimia 10 wana mawe, lakini wale 90 wasio na kisukari wote wana mawe, kwani ndiyo yaliyowaleta! Mtafiti aliyeishia wodini ataandika kwamba kisukari kinakinga mawe. Hakuna aliyedanganya wala kukosea hesabu.

Hatua ya 3: Fuatilia walioacha njiani. Tafuta idadi yao kwa kila kundi, pamoja na sababu. Walioacha dawa kwa kuzidiwa na madhara wakiondolewa kwenye hesabu, dawa itaonekana salama kuliko ilivyo.

Hatua ya 4: Andika kosa linaelekea wapi. Usiishie kuandika "kuna upendeleo". Sema kama upendeleo huo umekuza jibu au umelipunguza, kisha ndipo ufungue jedwali la matokeo.