Somo: Kumpa maoni aliyezungumza papo kwa papo

Mtu akimaliza kuzungumza bila maandalizi na kurudi kitini, sehemu kubwa ya alichosema imeshampotea. Alipokuwa pale mbele, akili yake yote ilikuwa inasaka neno linalofuata. Kwa hiyo kabla hujafikiria kumkosoa, kazi yako ya kwanza ni kuwa kumbukumbu yake. Wenye hotuba za kuandikwa hawana shida hiyo, maana karatasi wanayo.

Muda nao ni mfupi. Katika vilabu vya Toastmasters, ambako watu hujifunza kuzungumza hadharani, vilivyoanza Santa Ana, California, mwaka 1924, anayejibu swali la papo kwa papo hupewa dakika 1 hadi 2, na katika vilabu vingi mtathmini mmoja, yaani mtoa maoni, huwatolea maoni wote waliosimama. Kila mzungumzaji huambulia sentensi tatu au nne zako. Zichague vizuri.

Hatua ya 1. Andika swali kabla jibu halijaanza. Liandike neno kwa neno. Usipokuwa nalo, hutajua kama amejibu, amekwepa, au amelisogeza kwa makusudi kwenye jambo analolijua zaidi. Hilo la tatu ni ufundi, na mtu akilifanya vizuri mwambie.

Hatua ya 2. Nasa maneno yake mwenyewe. Hapa ndipo nawaomba mkae zaidi. Tuseme mtu ameulizwa kuhusu hofu. Anaanza: "Hofu ni kitu ambacho kila binadamu anacho." Anaendelea hivyo nusu dakika, kisha anasema: "Nilishika kitasa, nikahesabu mpaka tatu, sikuufungua ule mlango." Ukumbi unanyamaza. Andika sentensi hiyo kama ilivyotoka, na pembeni yake weka alama kwamba watu walinyamaza. Zamani niliwahi kumwambia mzungumzaji "umeongea vizuri sana", akaniuliza kwa shauku ni wapi hasa. Sikuwa na jibu, na nikaona uso wake ukishuka. Tangu siku hiyo sisifu kitu nisichoweza kukitaja kwa maneno ya mzungumzaji mwenyewe.

Hatua ya 3. Chagua rekebisho moja. Utakuwa umeona matano. Chukua lile ambalo akilifanya, mengine yatalegea yenyewe. Mimi hutazama kwanza kama swali limejibiwa, kisha mwisho ulikuwaje, kisha mpangilio. Sauti na mikono huja nyuma kabisa. Wengi huangukia mwishoni: hoja imekwisha, mtu haoni pa kutokea, anazunguka mpaka anasema "basi, ni hayo tu." Lafudhi na kigugumizi usiviguse.

Hatua ya 4. Sema ulichosikia, kisha toa jambo la kufanya. "Huna mpangilio" ni hukumu, na haimwonyeshi pa kuanzia. Kwa yule wa hofu ningesema hivi: "Uliposhika kitasa ukahesabu mpaka tatu, ukumbi wote ulinyamaza. Kabla ya hapo nilikuwa bado sijaingia kwenye habari yako. Safari ijayo anzia kwenye kitasa." Mwangalie yeye unapoyasema, halafu kaa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nilifundishwa kuanza na sifa, kisha kosa, kisha sifa tena. Niache?*

Mpangilio huo si mbaya kwa anayeanza, maana unamzuia kurusha makosa matupu. Shida yake ni kwamba wasikilizaji huuzoea, sifa ya kwanza ikawa kama kengele ya kosa linalokuja. Sifa yako ikibeba maneno halisi ya mzungumzaji, itaaminika popote utakapoiweka.

*Na yule aliyesimama sekunde 20, akakwama, akakaa?*

Huyo ndiye anayekuhitaji kuliko wote. Ndani ya sekunde hizo alisema walau sentensi moja, mrudishie hiyo. Kisha mpe neno moja la kushika: "Ukikwama, sema *kwa mfano*, halafu taja mtu mmoja au siku moja." Sentensi ikishaanza hivyo, huwa inadai kumaliziwa.

*Nilihesabu "yaani" kumi na moja. Nizitaje?*

Kama kuna aliyepewa kazi ya kuzihesabu, idadi mwachie yeye. Wewe tazama zilitokea wapi. Zikiwa zimerundikana pale anapotoka hoja moja kwenda nyingine, shida ni kwamba hakujua aendako. Mshauri afunge mdomo pale, avute pumzi, ndipo aendelee. Kimya cha sekunde 2 humtisha aliyesimama tu. Waliokaa hukiona cha kawaida.

*Aliyezungumza ni mkubwa wangu kwa umri. Naona haya kumkosoa mbele za watu.*

Heshima yako ni njema, ila usiitumie kumnyima maoni. Alisimama kama wengine, na kumpa sifa tupu ni kumtenga. Geuza rekebisho liwe ombi la msikilizaji: "Mzee wangu, uliposema ulirudi nyumbani usiku ule bila kazi, nilitamani ubaki hapo kidogo. Siku nyingine tusimulie kilichofuata ulipofika mlangoni." Amekosolewa, ameelewa, na ameombwa asimulie zaidi.